Ajali Isiyo Yako, Rekodi Iliyo Yako

Najua wengine wenu mnanisikiliza mkiwa jikoni, wengine mmeshajilaza, na wengine, hao ninaowalenga hasa leo, mmeshika usukani kwenye barabara ndefu za Marekani: Interstate 80 inayokata Iowa, Nebraska na Wyoming, au Interstate 35 inayoteremka hadi Texas. Watu wetu wameingia kwa wingi katika kazi ya malori. Wako Wakongo wa Des Moines na Louisville, wako Wakenya wa Dallas na Minneapolis, wako Watanzania, Warundi na Wanyarwanda. Kazi hii imelipa ada za shule na imejenga nyumba kwa wazee waliobaki nyumbani. Kwa sababu hiyo nataka leo tuzungumze juu ya jambo linaloweza kumnyang'anya mtu kazi hiyo bila yeye kufanya kosa lolote.

Chukua mfano huu. Dereva amesimama kwenye taa nyekundu. Mguu uko kwenye breki, taa za nyuma zinawaka, mkanda umefungwa. Gari dogo linakuja kwa nyuma, mwenye gari anaangalia simu, na kabla hajainua macho ameshaingia chini ya trela. Anapelekwa hospitali, gari lake linakokotwa. Polisi anafika, anapima, anauliza, anamwandikia tiketi yule wa gari dogo, kisha anamwambia dereva wetu aendelee na safari. Lori lina mkwaruzo kwenye bampa, basi. Kila aliyekuwepo ameona nani kakosa. Dereva anampigia mkewe simu, wanamshukuru Mungu pamoja, mambo yanaisha.

Kumbe hayajaisha. Miezi inapita, anaomba kazi kwenye kampuni nyingine yenye malipo bora, na jibu linarudi: tumeona una ajali kwenye rekodi yako, kwa sasa hatuwezi kukuchukua.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi. Mmoja atasema ni rangi yangu, mwingine atasema ni lafudhi yangu. Ubaguzi upo, msikilizaji, sitaki kuufunika. Lakini mara nyingi katika kazi hii jibu limekaa kwenye karatasi ambayo dereva mwenyewe hajawahi kuiona. Tuifungue karatasi hiyo pamoja.

Sheria ya shirikisho ya Marekani ina vigezo vitatu vya kuihesabu ajali ya lori. Cha kwanza, mtu amekufa. Cha pili, mtu ameumia na ikabidi aondolewe pale akatibiwe papo hapo. Cha tatu, gari mojawapo limeharibika kiasi cha kushindwa kuondoka lenyewe, likakokotwa. Kimoja tu kikitimia, ajali imeingia katika hesabu. Virudie vigezo hivyo akilini mwako, utaona kwamba swali la nani kasababisha halimo. Wala hakuna panaposema kwamba aliyeumia lazima awe dereva wa lori, au kwamba gari lililokokotwa lazima liwe lori. Katika mfano wetu vimetimia vigezo viwili, na vyote viwili vimetimizwa na mtu aliyekuja kumgonga mwenzake aliyesimama.

Kuanzia hapo habari ya ajali hiyo inashika njia nne, kila njia na mwenyewe.

Njia ya kwanza ni daftari la kampuni. Kila mwajiri anatakiwa kuweka orodha ya ajali za namna hiyo kwa miaka 3. Ukihama, mwajiri mpya anapaswa kuwauliza waajiri wako wa miaka 3 iliyopita, na awe amefanya hivyo ndani ya siku 30 tangu uanze kazi kwake. Wao nao wana siku 30 za kumjibu. Watamtajia ajali ulizokuwamo.

Njia ya pili inapitia serikalini. Polisi wa jimbo hupeleka ripoti, nayo huishia kwenye kumbukumbu za mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori na mabasi, ile inayojulikana kwa kifupi kama FMCSA. Tangu mwaka 2010 mamlaka hiyo ina mpango uitwao PSP. Ukishatia sahihi ya kukubali, mwajiri unayemwomba kazi anaweza kuona ajali zako za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3. Ripoti yenyewe inaeleza wazi kwamba ajali zilizoorodheshwa zinaonyesha kuwa dereva alikuwamo, bila kuamua nani wa kulaumiwa. Ni maelezo ya kweli. Lakini jiweke kwenye kiti cha mtu wa ofisini mwenye maombi ya kazi mengi mezani. Anatazama mstari wa ajali, anatazama mwombaji mwingine asiye na mstari wowote, anamchukua huyo wa pili. Maelezo ya chini hayasomwi.

Njia ya tatu ni ripoti ya DAC. Hii si ya serikali. Inatunzwa na kampuni binafsi iitwayo HireRight, na waajiri wa malori wenyewe ndio wanaoilisha taarifa: ulianza lini, uliondoka lini, uliondoka kwa sababu gani, ulipata ajali gani, na kama wangekubali kukuajiri tena. Madereva wakongwe wa Marekani huitaja DAC kwa sauti ya chini, na nawaelewa. Mistari michache iliyoandikwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukutana nawe inaweza kufunga milango mingi kwa mara moja.

Njia ya nne ndiyo isiyosemwa sana, nayo ni bima. Sheria inaitaka kampuni inayobeba mizigo ya kawaida kutoka jimbo hadi jimbo iwe na bima ya dhima isiyopungua dola 750,000. Kampuni kubwa ina sauti mbele ya watu wa bima. Kampuni ya malori mawili au matatu, na nyingi za ndugu zetu zina ukubwa huo, haina. Inapeleka jina la dereva kwa bima na kusubiri kuambiwa kama anakubalika. Kwa hiyo mwenye kampuni anaweza kuwa rafiki yako, mmesali kanisa moja au msikiti mmoja, anakujua utulivu wako barabarani, na bado akashindwa kukupa funguo, kwa sababu bima imeona ajali na haikuuliza zaidi.

Kuna na mahali pa tano, na hapo ni wewe mwenyewe unayeandika. Fomu ya kuomba kazi ya lori inakutaka utaje ajali zote ulizokuwamo katika miaka 3 iliyopita. Imesema ulizokuwamo, haikusema ulizosababisha. Naomba hapa tusikilizane vizuri. Dereva wetu wa taa nyekundu, kwa moyo mweupe kabisa, anaacha nafasi ile wazi. Kwake yeye hana ajali, aliyepata ajali ni yule mwingine. Mwajiri anafungua PSP, anaiona, na sasa hatazami tena ajali. Anatazama mtu aliyeficha. Ajali isiyo na kosa ingeweza kuelezwa ikaeleweka, lakini fomu yenye uongo haina mtetezi. Andika ajali yako. Iandike na tarehe yake, na pembeni uandike: niligongwa nikiwa nimesimama, aliyenigonga aliandikiwa tiketi, ripoti ya polisi ninayo.

Kwa aliyeanza kazi kwenye njia ya Mombasa kwenda Malaba, mambo haya ni mageni. Kule Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, na cheti hicho hutaja jina, tarehe za kuanza na kumaliza, kazi aliyofanya na mahali alipoifanyia. Ajali haimo. Sifa ya dereva hutembea kwa mdomo: tajiri anampigia tajiri mwenzake simu, utingo anamweleza utingo mwenzake. Mdomo una dhuluma zake, unaweza kukuchafua bila ushahidi. Lakini mdomo pia husimulia. Utasikia mtu akisema, yule hakuwa na kosa, aligongwa na basi pale Salgaa. Karatasi ya Marekani haisimulii. Inahesabu.

Tena tuna usemi wetu, na umeandikwa kwenye malori mengi kule kwetu: ajali haina kinga. Tunausema kwa kumfariji mtu, na kwa imani. Katika kazi ya malori ya Marekani usemi huo haukubaliki. Baada ya kila ajali kampuni hukaa na kujiuliza swali lake: je, dereva huyu alifanya kila ambacho dereva wa kazi hii angetarajiwa kufanya ili kuizuia? Jibu likiwa hapana, ajali inaandikwa kuwa ilizuilika, hata kama polisi hawakukuandikia chochote.

Kwa hiyo kuna hukumu mbili zinazokwenda sambamba, na watu wetu wengi wanaijua moja tu. Polisi anauliza nani kavunja sheria. Kampuni inauliza ungeweza kufanya nini zaidi. Gari dogo linakuchomekea, linafunga breki, unaligonga. Polisi anaweza kumwandikia yeye. Kampuni inatazama kamera na kompyuta ya lori, inaona ulikuwa umekaribia mno gari la mbele hata kabla hujachomekewa, inaamua kwamba ungezuia. Siisemi kampuni vibaya kwa hilo. Lori lililojaa linaruhusiwa kufikia ratili 80,000, zaidi ya tani 36 za mizani yetu, na likigongana na gari dogo anayekufa mara nyingi sana ni wa gari dogo. Anayeendesha chombo kizito hivyo kudaiwa tahadhari kubwa kuliko wengine ni haki. Ninacholalamikia ni kitu kingine: ajali ambayo hakuna tahadhari ingeizuia, mtu amesimama kwenye taa nyekundu, inaandikwa mstari uleule na kusomwa kwa jicho lilelile.

Tuwasikilize na wanaoutetea utaratibu huu, maana hoja yao si ndogo. FMCSA imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba takwimu zinaonyesha hivi: kampuni iliyokuwa kwenye ajali nyingi jana ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kwenye ajali kesho, bila kujali kosa lilikuwa la nani. Mwaka 2015 ilitoa uchambuzi wake juu ya pendekezo la kuzipima ajali kwa kuangalia nani kasababisha, na ikaeleza kwamba kufanya hivyo kwa kutegemea ripoti za polisi kusingeongeza sana uwezo wa kutabiri.

Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu, na hivi ndivyo ninavyoona. Kwa kampuni yenye malori mia tano, hoja ina mantiki. Kampuni hiyo ikigongwa mara nyingi kuliko wenzake, huenda inawapeleka madereva wake kwenye barabara mbaya kwa saa mbaya, huenda inawaharakisha, huenda taa za trela zake ni hafifu. Hesabu ya wengi inafichua tabia. Lakini dereva mmoja si kampuni. Aliyegongwa mara moja katika miaka kumi hana wastani wa kutoa. Ana siku moja mbaya iliyoletwa na mtu mwingine. Kipimo kilichotengenezwa kuyapima makundi kimeshushwa na kuwekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kukibeba. Hapo ndipo dhuluma ilipo, na inatendeka bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Serikali yenyewe imekiri sehemu ya jambo hili. Mwezi Agosti 2017 FMCSA ilianzisha majaribio ya kuzichunguza baadhi ya ajali na kuamua kama zilizuilika au la. Mwezi Mei 2020 mpango ukawa wa kudumu. Una orodha ya aina za ajali zinazokubaliwa: lori limegongwa kwa nyuma, limegongwa na gari lililokuwa likija upande usio wake, limegongwa likiwa limesimama au limeegeshwa kihalali, limegongwa na dereva aliyelewa, aliyesinzia au aliyepuuza alama ya kusimama, limegonga mnyama, au limeingiliwa na mtu aliyetaka kujiua. Kuanzia Desemba 2024 zikaongezwa nyingine, kama kugongwa ubavuni na gari linalokwenda upande uleule, kugongwa na gari linalotoka kwenye eneo la kuegesha, na, hili ndilo kubwa, ajali ya aina yoyote ile iliyonaswa kwenye video inayoonyesha wazi ilivyotokea.

Maombi hupelekwa kwa mtandao, kwenye mfumo wa serikali uitwao DataQs, pamoja na ripoti ya polisi. Ukishinda, ajali inaandikiwa kwamba haikuzuilika, na maneno hayo yanaonekana kwenye PSP yako. Kwa upande wa kampuni, inaondolewa katika hesabu ya alama zake za ajali.

Lakini sikiliza vizuri: haifutwi. Mstari unabaki, umepata tu maneno ya kuutetea. Na ushindi huo wa serikalini hauirekebishi DAC wala hauwaamuru watu wa bima. Ni msaada mkubwa, nawaomba muutumie, lakini ni njia moja kati ya zile nilizozitaja.

Sasa nije mahali panapotuumiza sisi zaidi kuliko wengine. Msingi wa utetezi wote huu ni ripoti ya polisi, na ripoti hiyo huandikwa barabarani, katika dakika zile ambazo mikono bado inatetemeka. Afisa anaongea na anayeweza kuongea. Mzaliwa wa pale anatoka kwenye gari lake akisimulia haraka kwa Kiingereza chake cha utotoni. Ndugu yetu amesimama kando, anatafuta maneno, au amenyamaza kwa heshima, kama tulivyolelewa kutomkatiza mkubwa anapoongea. Ripoti inakwisha, na ndani yake kuna simulizi moja tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika ripoti ile unaweza kuwepo kwa mwili na usiwepo kwa maneno, na kitakachosomwa kwa miaka 5 ijayo ni maneno.

Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa lori aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza kiasi cha kuelewana na watu, kufahamu alama za barabarani na kujibu maswali ya maafisa. Tangu mwishoni mwa Juni 2025, anayeshindwa kutimiza sharti hilo anaweza kusimamishwa palepale barabarani, asiendeshe tena. Kwa hiyo nasema hili kwa upendo: ndugu dereva, jifunze kuisimulia ajali kwa Kiingereza kabla haijatokea. Nilikuwa nimesimama. Taa ilikuwa nyekundu. Nilikuwa njia ya kulia. Aliyenigonga alitoka nyuma yangu. Sentensi kumi za namna hiyo, zirudie ukiwa unapumzika kwenye kituo cha malori hadi zitoke zenyewe.

Kisha ukiwa pale kwenye ajali, baada ya kuhakikisha watu wako salama na umeweka alama za tahadhari barabarani, piga picha. Piga taa, piga alama za matairi, piga namba za magari, piga pande zote nne za lori lako pamoja na zile zisizoguswa. Chukua majina na simu za mashahidi kabla hawajaondoka, maana shahidi wa barabarani hasubiri. Muulize afisa namba ya ripoti na utaipata wapi. Kama kampuni haijakufungia kamera na sera yake inaruhusu, nunua yako. Na video ihifadhi mara moja, maana kamera nyingi hujifuta zenyewe.

Usiondoke kabla hujajua kama unatakiwa kupimwa. Mtu akifa kwenye ajali, sheria inataka dereva wa lori apimwe pombe na dawa za kulevya hata kama hana kosa lolote. Kama ni majeruhi au gari lililokokotwa, kipimo cha serikali hudaiwa pale tu wewe mwenyewe unapoandikiwa tiketi ya kosa la barabarani. Pombe hupimwa ndani ya saa 8, dawa ndani ya saa 32. Aliyejiondokea akiwa anatakiwa kupimwa huhesabiwa kama aliyekataa kipimo, na hilo ni doa zito kuliko ajali yenyewe.

Ripoti ya polisi ikitoka, isome siku hiyohiyo. Kama kuna kosa la ukweli, kwamba wameandika ulikuwa unakwenda kumbe ulikuwa umesimama, nenda kwa idara iliyoiandika na ushahidi wako mkononi, ukaombe nyongeza au marekebisho. Jambo hilo ni rahisi wiki ile ya kwanza kuliko mwaka unaofuata.

Turudi kwenye haki zako, maana unazo, na hazisaidii zikilala. La kwanza, inunue PSP yako mwenyewe. Ni dola 10. Ione kabla mwajiri hajaiona. La pili, iombe ripoti yako ya DAC. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia kampuni zinazouza taarifa za watu inakupa nakala bila malipo mara moja kila miezi 12, na ukikuta uongo unaweza kuupinga, nao kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. La tatu, ukinyimwa kazi kwa sababu ya taarifa za mwajiri wa zamani, una haki ya kuomba kwa maandishi kuonyeshwa alichosema, na una siku 30 za kufanya hivyo tangu uliponyimwa. Ukiona kakosea, mwandikie. Ana siku 15 za kurekebisha au kukuambia hakubaliani nawe. Asipokubali, una haki ya kuandika utetezi wako, na utetezi huo lazima uambatanishwe na rekodi na kwenda nayo popote itakapoombwa. Karatasi ile inayohesabu bila kusimulia, hapo sheria imekupa nafasi ya kuisimulisha. Wachache mno wanaitumia.

La nne lifanye kabla hujahama kampuni. Ajali ikishachunguzwa, omba barua ya kampuni inayosema waliamua nini. Kama waliona haikuzuilika, waandike hivyo, watie sahihi. Ukiwa bado mfanyakazi wao, barua hiyo ni ombi la dakika tano. Ukishaondoka, hasa mkiachana vibaya, utapiga simu hadi uchoke. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina lako ndilo mali yako katika kazi hii, basi liwekee daftari: ripoti ya polisi, picha, barua ya kampuni, uamuzi wa DataQs, vyote kwenye faili moja na nakala kwenye simu.

Nimezungumza na dereva kwa muda mrefu. Sasa nigeuke nizungumze na mwenye lori, kwa kuwa wengi wenu siku hizi ni ndugu zetu. Wewe uliyeanza na lori moja ulilokopa na leo una sita, unajua mwenyewe maana ya kukataliwa na karatasi. Ukimwona mwombaji mwenye ajali moja, mwite. Mwambie akuletee ripoti ya polisi. Ukiona aligongwa akiwa amesimama, peleka ripoti hiyo kwa wakala wako wa bima, ukamtetee kwa ushahidi, usipeleke jina tupu. Na lori lako likigongwa bila kosa la dereva wako, peleka DataQs wewe mwenyewe, usimwachie yeye. Wewe una kompyuta na mtu wa ofisini. Yeye yuko Wyoming usiku anasukuma mzigo wako. Ukishindwa kufanya hivyo, yeye ndiye atakayebeba mstari ule kwenye rekodi yake, na alipogongwa alikuwa akikutumikia wewe.

Na kwa wale wanaotunga sheria na kanuni, ninachodai ni kitu cha kawaida kabisa katika haki ya binadamu. Ajali isionyeshwe kwa mwajiri bila kuelezwa ilivyotokea. Pale ambapo polisi wamemwandikia tiketi mwingine na dereva wa lori hakuandikiwa kitu, mstari ule ubebe maneno hayo tangu siku ya kwanza, bila dereva kulazimika kwenda kuyaombea. Taarifa hiyo tayari imo kwenye ripoti ya polisi. Kuihamisha kutoka karatasi moja hadi nyingine hakuwezi kuushinda mfumo ulioweza kuihesabu ajali yenyewe.

Hadi siku hiyo ifike, kazi ya kuyafikisha maneno hayo ni yetu. Ndugu dereva, wiki hii utakapopata mapumziko yako ya saa 10, tumia moja kati ya hizo: iagize PSP yako, iombe DAC yako, uisome mistari yote. Ukikuta ajali isiyo na maelezo, anza kuyaandika.